Motokari ya kisasa, mafuta ya mu bidoni: nani analipa?



Kila mara bei ya mafuta inapopanda, sisi wote tunaongea bei tu. Lita ni ngapi leo, shofa wa taxi ameongeza ngapi, na manseba naye anasema nini. Ni haki yetu kuuliza. Lakini kuna swali ambalo tunaliacha pembeni: ndani ya ile lita muko nini? Msimamo wetu ni huu: mwananchi wa Lubumbashi analipa mafuta yake mara mbili, mara ya kwanza ku pompi, mara ya pili mu garaji. Na ile mara ya pili hakuna mukubwa anayeihesabu.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito huu, na kuna sababu. Injini za wazee wetu zilikuwa na kabirateri. Hewa inapita kwa nguvu mu mdomo mwembamba, inavuta esansi, vinachanganyika, vinaingia mu injini. Basi. Ni kitu cha kuvumilia: kikiziba, unafungua, unapuliza, unaendelea na safari. Pikipiki mingi za bamanseba zinatembea hivyo mpaka leo. Ubaya wa kabirateri ni kwamba haina akili. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Matadi kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Kabirateri iliyopimwa kwa hewa ya pwani, ukiileta huku bila kuirekebisha, inamwaga esansi nyingi kuliko hewa inayoingia. Ile inayozidi inatoka nyuma kama moshi mweusi. Ni makuta yako yanatoka pale.

Njo maana teknolojia ya sindano ilikuwa habari njema. Toyota Ist, Noah na zingine za esansi zinazotufikia kutoka Japani zina injekteri zinazofunguka na kufunga kwa amri ya kompyuta ndogo. Kompyuta inapima hewa inayoingia, inasoma moshi unaotoka, halafu inarekebisha kipimo kila wakati: kilo moja ya esansi kwa karibu kilo 14.7 za hewa. Ikiwa Kasumbalesa au Dar es Salaam, inajirekebisha yenyewe. Mafuta yanapungua, moshi unapungua.

Kwa mazuti mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka 1997 Alfa Romeo 156 ilitoka Italia na mfumo wa bomba moja la pamoja linalolisha injekteri zote kwa mgandamizo mkubwa. Leo karibu kila motokari mpya ya mazuti inatumia mfumo huo. Gurudumu la motokari yako lina bari mbili na kidogo. Mu lile bomba kulikuwa na bari 1,350 tangu mwanzo, na leo zinapita 2,000. Mazuti yanapita mu matundu madogo sana, mengine upana wake hauzidi sana unywele, yanatoka kama ukungu, yanawaka karibu yote. Hiace za mazuti za kuanzia 2004, zile zilizoandikwa D-4D, ziko hivyo.

Sasa sikieni shida iko wapi. Mashine yenye matundu ya namna ile haijui huruma. Ndani ya injekteri, nafasi kati ya chuma na chuma ni mikroni chache, na kinacholainisha vyuma vile ni mazuti yenyewe. Ukitia mayi, yanaondoa ule ulaini, yanaleta kutu. Ukitia vumbi, linasaga kama msasa. Ukichanganya na petroli ya taa, pompi inakauka polepole. Kabirateri ingekohoa tu, lakini injekteri inakufa, na mara mingi haifi peke yake.

Na mafuta yetu yanatoka mbali. Yanashuka bandarini, mengine yanapita Zambia mu bomba la TAZAMA lenye kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, halafu malori, halafu foleni ya Kasumbalesa, halafu tangi la stasioni. Kila anayeyashika anaweza kuyachafua, kwa bahati mbaya au kwa kusudi. Wakati wa mvua mayi yanaingia hata bila mwizi: tangi isiyofungwa vizuri inatosha. Mwisho wa safari ni bidoni ya kadafi pembeni ya barabara, Katuba, Rwashi, komine ya Kenya.

Tusimrushie kadafi jiwe. Ni kijana kama sisi, na yuko pale kwa sababu stasioni imefunga au foleni imezunguka kona. Polisi wakimkamata leo, kesho kuna mwengine, na yale mayi ya mu tangi yatabaki palepale.

Tazameni wenye makuta wanafanya nini. Toyota mpaka leo inauza Afrika Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ya lita 4.2, iliyotoka mwaka 1990, yenye pompi ya kawaida bila kompyuta. Inakunywa, ndiyo, lakini inavumilia. Mwenye uwezo wa kununua mpya anachagua kulingana na mafuta ya huku. Mwenye taxi wa Kampemba hachagui: ananunua iliyotumika, ile iliyofika, na akiba yote ambayo injekteri ingemletea inaishia kununua injekteri nyingine.

Kuhusu salfa, watu wanachanganya. Salfa siyo njo inayoua injekteri. Inaharibu katalizeri na filtri ya moshi, halafu inaharibu mapafu yetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kipimo cha 50 ppm kwa mazuti tangu Januari 2015, Ulaya iko kwenye 10 tangu 2009. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Kuingia ni pamoja na kupimwa kwa kipimo hicho.

Tunachoomba siyo mbingu. Tanzania, kupitia EWURA, ilianza mwaka 2010 kuweka alama mu mafuta na kupita ku stasioni kupima nani amechanganya. OCC iko kwetu, kazi yake ni kukagua ubora wa bidhaa. Basi kipimo kifanyike Kasumbalesa na kirudiwe ku pompi, bila kumwambia mwenye stasioni siku, halafu matokeo yabandikwe pale pale bei inapobandikwa: mayi, salfa, tarehe. Katika kila lita tunalipa kodi, hata ile ya FONER ya barabara. Karatasi moja ya kupimia haitaifilisi serikali.

Na INPP ifundishe vijana wa magaraji kusoma skaneri. Leo mafundi mingi wanafuta taa ya dashibodi bila kutafuta sababu, au wanang'oa katalizeri na kuiuza. Hawana ubaya, hawakufundishwa.

Wakati tunangoja, kila dereva anaweza kufanya jambo moja. Chukua chupa ya kioo, safi na kavu, omba wakujazie kidogo ku pompi, uiache isimame nusu saa. Mayi ni mazito, yatashuka chini na utaona mstari. Piga picha pamoja na risiti na tarehe, utuletee, na sisi tutapeleka zote pamoja kwa wakubwa. Ile chupa usiiache ndani ya motokari wakati wa jua.