Mbwa akifa kwa tumbo Lubumbashi, kwanza iulizwe alikula nini

LUBUMBASHI – Mbwa akifa Katuba au Ruashi, hukumu inatolewa mzoga ukiwa bado na joto. Alikataa chakula, akatapika, macho yakageuka manjano, akaharisha damu, na siku chache baadaye amekufa. Mmoja anasema jirani amemtilia sumu. Mwingine anasema nyongo imempasuka. Ikiwa katika avenyu hiyo kuna familia iliyofika juzi ikikimbia vita, lawama inaangukia huko haraka zaidi. Kisha mzoga unatupwa penye takataka, na habari inaishia hapo.

Haifai kuishia hapo. Katika mji huu mbwa anakula mabaki ya bukari ileile waliyokula watoto. Ini la mbwa likiharibika, sufuria ya nyumba nzima inapaswa kuulizwa maswali.

Zambia ililiona jambo hilo mwezi wa Agosti 2024. Mbwa wapatao 400 walikufa baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Waziri wa Afya wa wakati huo, Elijah Muchima, alitangaza kwamba kati ya sampuli 25 zilizochukuliwa kwenye kampuni za kusaga mahindi, karibu nusu zilikutwa na aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu. Unga ukaanza kuondolewa sokoni. Mpangilio wa mambo hayo haufai kusahauliwa: kwanza walikufa mbwa, kisha unga ukapimwa, kisha watu wakaonywa. Kama mbwa wale wangetupwa jalalani na jirani kulaumiwa, unga ule ungeendelea kupikwa.

Aflatoksini inatengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Unapenda mahindi yaliyopigwa na ukame shambani, na yale yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu yenyewe haionekani, haina harufu, na moto wa jikoni hauimalizi. Inaingia tumboni na kushambulia ini, lile linalotengeneza nyongo. Mbwa ni dhaifu sana mbele yake. Daktari wa wanyama akimpasua mbwa aliyekufa kwa sumu hii, anaweza kukuta ini limebadilika rangi na ukuta wa kifuko cha nyongo umevimba kwa maji. Hiyo "nyongo" inayotajwa mitaani ina habari ya kutoa, lakini hakuna anayeifungua kuisoma.

Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, sumu hiyo inaweza kumletea kansa ya ini, na hatari inaongezeka kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Akiila nyingi kwa muda mfupi, inaua. Katika nchi ya Kenya, wilaya ya Machakos, mwaka 1981, watu 20 walilazwa kwa ugonjwa wa ini na 12 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yenye ukungu. Madaktari waliandika kwamba katika maeneo hayo njiwa walianza kufa, wakafuata mbwa, na mwisho watu. Mwaka 2004 balaa lilirudi mashariki ya nchi hiyohiyo: wagonjwa 317, vifo 125. India pia, mwaka 1974, watu zaidi ya 100 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo, na mbwa waliokula chakula cha nyumba zile walikufa wakiwa na matumbo yaliyovimba na macho ya manjano.

Kuna wanaosema: mbwa ni mbwa, watu wana njaa, pesa za kupasulia mizoga zinunue unga. Maneno hayo yanavutia, lakini yamekosea hesabu. Unga wenye sumu haushibishi mtu, unamchelewesha tu kufika hospitali. Kupima ini la mbwa mmoja hakuwezi kufikia gharama ya kutibu avenyu nzima yenye ini bovu.

Wengine wanasema utafiti wa ini na nyongo za mbwa ni anasa ya Wazungu wanaolala na mbwa kitandani. Ni kweli, huko Ulaya na Marekani mbwa anapigwa ekografi na kuondolewa kifuko cha nyongo kwa upasuaji, jambo ambalo hapa hata mtu hulikosa. Lakini mwaka 1952 madaktari wa wanyama wa Marekani waliandika kuhusu ugonjwa wa ajabu uliokuwa ukiua mbwa kwa ini. Hawakuujua chanzo, wakauita "hepataitisi X". Baadaye, baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa chakula cha karanga zenye ukungu, ndipo aflatoksini ilipotambuliwa, na ugonjwa wa wale mbwa ukapata maelezo. Mbwa walikuwa wametoa ushahidi miaka minane kabla.

Lubumbashi ina sababu kubwa zaidi ya kusikiliza. Haut-Katanga inategemea sana mahindi na unga wa Zambia unaopita Kasumbalesa. Mwezi wa Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame wa nchi yake kuwa janga la kitaifa. Ukame huo haukuuliza pasipoti, na ukungu nao hausimami kwenye barriere.

Wa kwanza kuumia ni maskini, na kati ya maskini ni waliokimbia. Familia iliyotoka Mitwaba, Pweto au Manono bila mzigo haichagui unga. Inanunua kipimo kidogo cha bei ya chini, mara nyingi mahindi yaliyovunjika au yaliyolowa, na kuyalaza chini kwenye udongo kwa kuwa haina pengine pa kuyaweka. Watoto wanakula, mbwa anapata makombo.

Basi kazi ya kila mmoja iko wazi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Kitivo cha Udaktari wa Mifugo. Jimbo likipe kitivo hicho pesa ya kupokea bila malipo mizoga ya mbwa waliokufa kwa tumbo, kuipasua, kupima ini, na kutangaza majibu kwa Kiswahili kwenye redio. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia, itangaze vipimo vya aflatoksini vya unga, ili mama wa soko ajue anachouza.

Kweli, si kila mbwa anayetapika amekula aflatoksini. Kuna parvo, kuna minyoo, kuna sumu ya panya. Macho ya manjano yanaweza kuletwa na kupe, au na leptospirosi, inayotoka kwenye mkojo wa panya na kumpata mtu pia. Ndiyo maana kubahatisha hakutoshi. Kila chanzo kina dawa yake na hatari yake.

Nyumbani, familia isipasue mzoga, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Mbwa wawili au watatu wakifa kwa ugonjwa unaofanana, mkuu wa kartiye na daktari wa wanyama waambiwe, na unga uliokuwa ukiliwa uwekwe kando, usipewe kuku wala mtu. Mahindi yaanikwe yakauke vizuri na kuwekwa juu ya mbao. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizovunjika zichambuliwe kabla ya kusaga; kazi hiyo ya mikono peke yake inapunguza sumu nyingi.

Na jirani aliyelaumiwa, hasa yule aliyefika juzi na watoto wake, asihukumiwe kabla ya ini la mbwa kupimwa.