Ndege Haitengenezwi kwa Kalamu Pekee

Wahenga walinena, ukiona vyaelea vimeundwa. Sisi wakazi wa Eastlands tumezoea vinavyopaa. Kiwanja cha Eastleigh kilikuwa lango la ndege la Nairobi hadi mwaka wa 1958, kile cha Embakasi kilipofunguliwa. Hadi leo ukianika nguo pale Embakasi, ngurumo za ndege ndizo redio yako. Lakini je, wenzangu, ni wangapi wetu wamewahi kushika hata bolti moja ya ndege?

Nauliza kwa sababu ya kaka yangu. Mama aliuza mitumba Gikomba, akamlipia karo ya kusomea ukarabati wa ndege. Kaka alirudi nyumbani na cheti kizuri na madaftari tele. Nilipomwuliza injini hufunguliwaje, alinichorea vizuri sana. Kumbe hakuwahi kuifungua hata moja! Chuoni walizunguka injini moja kuukuu, wanafunzi arobaini, mwalimu akionyesha kwa kijiti.

Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zataka anayeomba leseni kamili ya ufundi wa ndege awe na uzoefu wa miaka minne, au miwili akiwa amehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa. Hilo ni sawa kabisa. Lakini kila kampuni aliyobisha hodi ilimwambia, "Lete uzoefu kwanza." Ataupata wapi, sokoni? Sasa yuko gereji, anafungua gia za matatu.

Kuna watakaosema eti mkono tu watosha, kwani fundi wa jua kali alisoma kitabu gani? La hasha! Mnamo Juni 1990 huko Uingereza, fundi mzoefu alibadilisha kioo cha mbele cha ndege ya British Airways. Bolti alizilinganisha kwa macho, hakuangalia kitabu. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kupita kiasi. Kioo kiling'oka angani, rubani akavutwa nje hadi kiunoni. Alinusurika kwa kuwa wenzake walimshikilia. Kwa hivyo mkono bila kitabu ni hatari, na kitabu bila mkono ni hasara. Viwili hivi ni chanda na pete.

Maoni yangu ni haya. Chuo kisipokee wanafunzi wengi kuliko vifaa vyake. Kila mwanafunzi afungue na kufunga mwenyewe, mwalimu akague ndipo atie sahihi. Nafasi za uanagenzi kwenye karakana za ndege zipangwe kabla karo haijalipwa, si baadaye.

Nanyi wenzangu wa kidato cha nne, mkienda kuomba nafasi chuoni msiulize karo tu. Ulizeni, "Nitashika nini, na kwa saa ngapi?" Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kaka yangu hakupewa hata mivukuto, na pesa za mama zilikwisha.