Deni la Zamani Halifi kwa Kufichwa

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Walimu wameifafanua methali hii darasani miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wameikariri kwa ajili ya mtihani. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo wahenga wetu hawakulikuta. Katika zama zao deni liliishi vichwani mwa watu wawili, mdai na mdaiwa. Mmoja akihama kijiji au akiiaga dunia, deni nalo lilififia. Siku hizi deni huandikwa mahali ambapo hakuna usahaulifu, na hata likiwa dogo mno humngoja mwenyewe kwa miaka mingi.

Nayaandika haya nikiwa Gakindu, katika eneo la Mukurwe-ini, Kaunti ya Nyeri. Watu wa huku hutegemea kahawa, maziwa na mishahara ya walimu, na katika familia nyingi yupo kijana aliyesoma au anayesoma katika chuo kikuu cha Dedan Kimathi, Karatina, Kirinyaga au Murang'a. Aghalabu kijana huyo hurejea nyumbani na shahada mkononi na deni mgongoni. Ni kuhusu deni hilo ambapo ningependa tuzungumze leo, hasa deni la kale ambalo mwenyewe amelifunika kwa kimya akitumaini kwamba litaoza.

Tuseme kijana alihitimu miaka kumi iliyopita. Kazi haikupatikana upesi. Siku moja alikopa shilingi 3,000 kupitia simu yake ili apate nauli ya kwenda kuhojiwa Nairobi. Kazi hiyo hakuipata, nambari ya simu aliibadilisha, na mkopo akausahau. Leo amefanikiwa kuajiriwa kuwa mwalimu, anahitaji mkopo wa kununua kipande cha ardhi, na karani wa benki anamwambia kwamba jina lake lina doa. Bwana huyu si mwizi wala laghai. Lakini mbele ya karani amekuwa mtu wa kutiliwa shaka, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha mambo haya, anatoka humo akiwa amejaa aibu, pasipo kuuliza swali hata moja.

Inafaa ieleweke kwanza doa hilo linatoka wapi. Kanuni za kuanzisha mashirika ya marejeleo ya mikopo, ambayo wengi wetu twayaita CRB, zilitungwa mwaka wa 2008 chini ya Sheria ya Benki, na shirika la kwanza likapewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mwaka wa 2010. Nia ilikuwa njema. Ilikusudiwa kwamba anayekopa benki moja na kukataa kulipa asiweze kuhamia benki ya pili na ya tatu kwa hila ile ile. Baadaye, kanuni za mwaka wa 2013 ziliruhusu hata habari njema za mkopaji ziandikwe, yaani mikopo aliyoilipa kwa wakati. Kwa hiyo CRB si jela, na wala si orodha ya wahalifu. Ni daftari, nalo lina kurasa za sifa na kurasa za lawama.

Mambo yaliharibika pale mikopo ya simu ilipoenea baada ya huduma ya M-Shwari kuanzishwa mwishoni mwa mwaka wa 2012. Daftari lililokusudiwa wakopaji wa mamilioni likajazwa majina ya watu waliodaiwa mia tano. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kanuni za mwaka wa 2020 zililazimika kusema wazi kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe CRB.

Kwa wasomi, deni zito zaidi ni lile la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu ilianza kutolewa na serikali mwaka wa 1974, na kwa muda mrefu haikuwa na sheria madhubuti ya kuikusanya. Wengi waliipokea kana kwamba ni zawadi, wakaiita "boom", na wakaitumia kama jina lilivyovuma. Bodi yenyewe iliundwa kwa sheria mwaka wa 1995, nayo ilikuja na meno. Riba ya mkopo wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, ambayo si mzigo mkubwa. Mzigo umo katika faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi ambao mhitimu hakulipa. Hebu wanafunzi wapige hesabu. Faini hiyo ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Aliyekopa shilingi 120,000 akanyamaza miaka miwili, huongezewa deni la pili sawa na lile la kwanza, na hapo hatujaigusa riba.

Hapa ndipo naona kiini cha msiba. Kijana hana kazi, hivyo hawezi kulipa. Kwa kuwa hajalipa, deni linavimba na jina lake linaingia doa. Na anapopata fursa ya kazi, baadhi ya waajiri humtaka kwanza cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi. Asiye na kazi anaulizwa deni ambalo angelilipa kwa mshahara wa kazi hiyo hiyo anayonyimwa. Sidhani kuna mantiki katika jambo hilo.

Hata hivyo, sitaki mtu afikiri kwamba nawafundisha vijana kukwepa madeni. Fedha za HELB zinazorudi ndizo zinazomsomesha mtoto wa jirani. Fedha za chama cha akiba na mikopo ni jasho la walimu wenzako, na usipolipa wewe, wadhamini wako ndio watakaokatwa. Dawa ya deni ni kulipa. Ninalosema ni kwamba dawa hunywewa kwa kipimo, na mgonjwa ana haki ya kujua anatibiwa maradhi gani.

Basi mwenye deni la zamani na afanye nini? La kwanza, atazame daftari kabla hajatoa hata senti. Kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake ya mikopo bila malipo mara moja kwa mwaka, na kanuni za mwaka wa 2020 ziliagiza kwamba cheti cha kwanza cha kutodaiwa kitolewe bure. Ajabu ni kwamba watu wengi hulijua jina la CRB kwa hofu, lakini hawajawahi kuiona ripoti yao.

La pili, apinge kilichokosewa. Yawezekana deni lilikwishalipwa na karani hakulifuta. Yawezekana mtu mwingine alikopa kwa kitambulisho chake. Yawezekana pia kwamba hakupewa ilani, ilhali mkopeshaji anatakiwa kumwarifu mkopaji siku 30 kabla ya kupeleka jina lake. Malalamiko yakiwasilishwa kwa maandishi, shirika halina hiari ya kuyapuuza. Ni lazima liyachunguze na kurekebisha kosa likithibitishwa.

La tatu, akague hesabu. Tangu mwaka wa 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kimeweka kikomo: mkopo wa benki ukishashindikana kulipwa, riba itakayodaiwa tangu hapo haiwezi kuzidi kiasi kilichosalia siku ulipoharibika, ingawa gharama za kuufuatilia huongezwa. Aliyebaki na deni la shilingi 20,000 hawezi kudaiwa laki moja kwa ajili ya riba. Nayo Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na wahitimu dhidi ya HELB, iliamua mwaka wa 2022 kwamba bodi hiyo pia haiwezi kudai riba na faini zinazopita kiasi cha mkopo wenyewe. Mwalimu anayedaiwa maradufu na zaidi ana sababu ya kuuliza kabla ya kukubali.

La nne, azingatie umri wa deni. Sheria ya muda wa kufungua kesi husema kwamba madai yatokanayo na mkataba hayawezi kupelekwa mahakamani baada ya miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, na hukumu iliyokwisha kutolewa huishi miaka 12. Lakini pana mtego hapa. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi, au akilipa sehemu yake kabla ya muda huo kwisha, miaka huanza kuhesabiwa upya. Simshauri mtu ajifiche nyuma ya miaka, kwa maana mlango wa mahakama kufungwa si sawa na deni kufutwa, na doa laweza kubaki pale pale. Wala asidhani kwamba kunyamaza kutamwokoa na HELB, kwa kuwa mwajiri hulazimika kumkata mshahara. Ila mtu akiamua kulipa, alipe kwa kujua anafanya nini, si kwa kutishwa kwa simu usiku.

La mwisho, apatane, na mapatano yaandikwe. Wakopeshaji wengi hukubali kupunguza faini ili wapate msingi wa fedha zao, na HELB yenyewe imewahi kuwasamehe faini waliolipa deni lote kwa mara moja. Asilipe kwa ahadi ya mdomo. Apate barua inayotaja kiasi walichokubaliana, na akimaliza apate nyingine inayosema kwamba hadaiwi tena. Karatasi hizo azihifadhi kama anavyohifadhi cheti chake cha shahada.

Baada ya kuyatenda hayo yote, mlipaji hukutana na jambo ambalo mimi nalipinga kwa dhati. Habari za mkopo ulioharibika hubakia katika daftari kwa miaka 5 tangu siku ulipolipwa. Ni kweli kwamba huandikwa kuwa umelipwa, lakini wakopeshaji wengi hutazama doa wasitazame sabuni. Aliyejinyima akalipa shilingi zake 3,000 anabebeshwa historia hiyo miaka mitano, sawa na tajiri aliyeiangusha benki kwa mamilioni. Ikiwa kulipa hakubadilishi chochote, ni nani atakayevutiwa kulipa?

Wakuu wetu wameliona tatizo hili, lakini dawa yao imekuwa ya msimu. Katika sherehe za Mashujaa za mwaka wa 2021, zilizofanyika Wang'uru, Kirinyaga, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kusimamishwa kwa uorodheshaji wa waliokopa chini ya shilingi milioni 5, hadi mwisho wa Septemba 2022. Mnamo Novemba 2022 Benki Kuu ikatangaza mpango ambapo benki zingepunguza nusu ya madeni madogo ya simu kwa wale ambao wangelipa nusu ya pili kufikia mwisho wa Mei 2023. Watu walishangilia. Lakini msamaha wa msimu huwafunza watu kungojea msimu mwingine, na humwacha mlipaji mwaminifu akijiona mjinga.

Maoni yangu ni kwamba pawepo sheria ya kudumu badala ya matangazo ya majukwaani. Deni dogo likilipwa, doa lake lifutike baada ya mwaka mmoja. Miaka mitano ibaki kwa madeni makubwa na kwa wale waliodhihirika kuwa wakaidi. HELB nayo ipime faini zake kwa kipato cha mhitimu, ili asiye na mshahara asitozwe kama anayeupokea na kuuficha. Na pasiwe na mwajiri wa umma anayemnyima mtu kazi kwa sababu ya deni ambalo mtu huyo yuko tayari kukatwa mshahara ili alilipe.

Kwa walimu, nina ombi. Mwanafunzi wa kidato cha nne huwa amekwisha kufundishwa kukokotoa riba ya nyongeza, lakini hafunzwi kusoma mkataba wa mkopo ambao ataupokea mwaka ufuatao. Hebu hesabu ya faini ya HELB iandikwe ubaoni. Hebu ripoti ya mikopo isomwe darasani kama inavyosomwa barua rasmi. Katika chuo cha ualimu cha Kamwenja na vinginevyo, wanaoandaliwa kuwa walimu wafunzwe kusimamia mishahara yao kabla hawajaipata.

Nanyi wanafunzi, msiikimbie barua ya mdai. Ifungueni, isomeni, ijibuni. Deni linalotazamwa usoni huwa na kiasi na tarehe, na chenye kiasi na tarehe huweza kumalizwa.