Usihesabu lugha, angalia zinakufundisha nini

Nina neno kwa vijana wanaopanga lugha ya programu ya kujifunza: wingi wa lugha kwenye wasifu wako si hoja. Hoja ni kama lugha mpya itakubadilisha namna ya kufikiri.

Mimi riziki yangu inatoka kwenye Python na JavaScript. Sasa najifunza Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, na sababu ni hii. Katika Python, ukiwa na orodha iitwayo a, ukaandika b = a, kisha ukaongeza kitu kwenye b, utakikuta kwenye a pia, maana majina yote mawili yanashika orodha ileile. Katika Rust, ukiandika let b = a; orodha imeshahamia kwa b. Ukiitumia a tena, kompaila inagoma na kukuonyesha mstari wenye tatizo. Kila data ina mwenyewe mmoja tu.

Somo hilo linanifaa hata ninaporudi kwenye Python: najiuliza data hii ni ya nani, na nani mwingine anaigusa. Hiyo ndiyo faida ninayoitafuta.

Kwa anayeanza, shika lugha moja, tengeneza nayo programu ambayo watu wataitumia kweli, kisha itunze inapoharibika. Hapo ndipo uongeze ya pili.