Kupima Afya si Kutibiwa

Juma lililopita nilipokea barua ya mpwa wangu aliye Marekani, ambako hufanya kazi ya kupakia mizigo ghalani. Anayo bima ya kazini, na kijitabu cha bima hiyo kinasema kupima afya mara moja kwa mwaka ni bure. Basi akaenda. Daktari akampima shinikizo la damu, akamsikiliza moyo na mapafu, akamwuliza habari za chanjo na sigara. Kijana alipokuwa akivaa shati akasema, "Daktari, goti hili nalo limevimba tangu mwezi jana." Daktari akalikagua, akaagiza lipigwe picha, akaandika dawa. Baada ya majuma matatu ikaja ankara ya dola 160 za daktari.

"Mjomba," ameniandikia, "wamenidanganya. Mwaka ujao nitafumba mdomo."

Nimeona heri nimjibu hapa, kwani wengi wetu tunao jamaa huko, na jambo hili huwatatiza hata Wamarekani wenyewe.

Mpwa wangu, hukudanganywa. Ulipata huduma mbili katika kiti kimoja. Huko kila kazi ya daktari huandikwa kwa nambari, na orodha ya nambari hizo hutolewa na chama cha madaktari wa Marekani tangu mwaka 1966. Upimaji wa afya wa kawaida una nambari zake, kati ya 99381 na 99397, kwa kufuata umri wa mtu na ugeni wake kwa daktari. Kumwona daktari kwa ajili ya maradhi kuna nambari nyingine, kati ya 99202 na 99215, kwa kufuata uzito wa uamuzi wa daktari au muda alioutumia. Yote mawili yakitendeka siku moja, nambari ya maradhi hutiwa alama ya 25, maana yake kwamba hii ni kazi ya pili, yenye uzito wake peke yake.

Sheria aliyoitia saini Rais Obama mwezi Machi 2010 huzitaka bima nyingi zilipie huduma maalumu za kinga bila mwenye bima kuchangia, mradi aende kwa daktari aliyepatana na bima yake. Goti lako halimo. Hilo ni tiba, na katika tiba aghalabu mtu hutoa kwanza fedha zake mpaka kiwango cha mwaka kitimie, ndipo bima ianze kusaidia.

Wazee wa miaka 65 na zaidi walio katika bima ya serikali, Medicare, nao wajihadhari. Tangu mwaka 2011 bima hiyo hulipia ziara ya kila mwaka ya kupanga mambo ya afya, lakini upimaji wa kawaida wa mwili mzima haiulipii.

Je, dawa ni kufumba mdomo? Hata kidogo! Kifua kinachobana, uvimbe titini, damu chooni, hayo hayangoji mwaka ujao. Mtu anayekwenda kupimwa na huku anaficha kinachomsumbua amejinyima faida ya safari yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Dawa ni kuuliza. Kabla daktari hajaanza kukagua, mwambie, "Tukilishughulikia hili leo, litatozwa peke yake?" Jambo la haraka lishughulikiwe hapo hapo, gharama itafuata. Lisilo la haraka unaweza kulipangia siku nyingine, ukiwa umekwisha kuiuliza bima yako. Kisha omba ankara yenye nambari, uisome mstari kwa mstari. Kanuni zenyewe zasema jambo dogo lisilomwongezea daktari kazi halistahili nambari ya pili. Ikiwa ulisema tu kwamba umechoka, naye akaitikia kwa kichwa, yakatoka malipo ya maradhi, una haki ya kulalamika kwa maandishi, kwa daktari na kwa bima pia.

Lakini wewe ulikaguliwa, ukaandikiwa dawa. Deni hilo ni lako, mpwa wangu, lilipe kidogo kidogo kama watakuruhusu. Na goti je, limepona? Katika barua yako ndefu hukusema.