Jina la Nyumbani na Jina la Ubatizo

Katika Buganguzi, kama katika nchi yote ya Muleba na Bukoba, watoto wengi wa Kikristo wana majina mawili. Moja hutoka kwa wazazi, nalo ni la Kihaya. La pili hutolewa kanisani siku ya ubatizo. Wako wanafunzi ambao, wakiisha kujua kuandika, huliandika jina la ubatizo lote, bali lile la nyumbani hulifupisha likawa herufi moja tu, ama huliacha kabisa. Hudhani ya kuwa jina la kanisani ni la watu waliosoma, na la nyumbani ni la watu wasiosoma. Wazo hilo si la kweli.

Kwanza, jina la Kihaya ni neno lenye maana. Mugisha ni baraka. Mujuni ni msaidizi, amwokoaye mwenziwe katika shida. Asimwe ni kusema, Mungu ashukuriwe. Kokushubila, jina la msichana, lina tumaini ndani yake. Mapacha wa kiume huitwa Ishengoma na Kato, wa kike Nyangoma na Nyakato, na mtoto awafuataye huitwa Kaiza. Hata mgeni akilisikia jina hilo hujua ya kuwa nyumba ile ilipata mapacha. Mtoto aliachaye jina la namna hii amefanana na mtu aliyeletewa barua na baba yake, akaitupa kabla ya kuisoma.

Pili, majina ya kanisani yenyewe yametoka wapi? Yohana ni neno la Kiebrania, maana yake Mungu amefadhili. Petro ni neno la Kiyunani, maana yake mwamba. Hayo nayo yalikuwa maneno ya watu katika lugha yao, kama vile Mugisha lilivyo kwa Wahaya. Yakapata heshima kwa ajili ya matendo ya wale walioitwa hivyo.

Jambo hili limeonekana hata karibu, ng'ambo ya Mto Kagera. Kizito, Lwanga na Mukasa yalikuwa majina ya Kiganda tu. Wenye majina hayo waliuawa kwa ajili ya dini katika miaka ya 1885 na 1886, siku za Kabaka Mwanga, na mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 akawatangaza kuwa watakatifu. Leo watoto hubatizwa kwa jina la Kizito, wala hakuna alionaye kuwa jina duni. Tena katika Wahaya wenyewe alitoka Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alifanywa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi. Hakuliacha jina lake la nyumbani, ambalo maana yake ni mtu asemwaye; akaenda nalo mpaka Roma.

Labda mtu atasema, mbona majina mengine yana manung'uniko, kama Tibaijuka, yaani hawakumbuki? Ni kweli, wazazi wengine huweka katika jina huzuni yao au neno la kuwaambia majirani. Lakini hata majina hayo yanahifadhi habari za jamaa. Na kama jina linamwumiza mtoto, wazazi wana ruhusa ya kuchagua jingine. Raheli alipokuwa akifa alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Yakobo alibadili jina moja kwa ajili ya upendo, hakuidharau lugha yake.

Wala Kanisa halidai jina la Ulaya. Sheria yake ya mwaka 1983 yataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu, jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Baraka, tumaini na shukrani si mageni kwa moyo huo.

Basi mwanafunzi asiyejua maana ya jina lake na amwulize bibi yake, tena amwulize upesi, maana wenye kujua hawakai siku zote. Akiisha kujua, na ayaandike majina yake yote mawili juu ya daftari lake, kila moja kwa herufi zake zote.