"Want" Si Kutaka Tu



Ndugu wanafunzi na wazazi, watoto wetu wengi sasa wanasoma tarjuma za Qur'ani kwa Kiingereza. Ni jambo la kheri. Lakini ipo hatari moja: kulipa kila neno maana ile ile tuliyofundishwa darasa la kwanza.

Chukueni neno "want". Shuleni tunaambiwa ni kutaka. Lakini asili yake ni kukosa, kupungukiwa, na maana hiyo bado imo vitabuni. Abdullah Yusuf Ali, ambaye tarjuma yake ilitoka miaka ya 1930, aliitumia. Katika Surat Al-Israa, aya ya 31, inayokataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara, yeye aliandika "want". Pickthall, katika tarjuma yake ya mwaka 1930, aliandika "poverty". Neno la Kiarabu ni moja tu: imlaaq.

Kubwa zaidi liko Surat Faatir, aya ya 15. Hapo Yusuf Ali anasema kuwa Mwenyezi Mungu hana "wants". Anayejua kuwa "want" ni kutaka tu atadhani Mwenyezi Mungu hana matakwa! Hilo ni kosa la itikadi, kwani Yeye hufanya atakalo. Maana yake ni kuwa Yeye ni Al-Ghaniyy, Mwenye kujitosheleza. Wenye haja ni sisi, na kwa haja yetu mfasiri katumia "need".

Maneno mengine nayo yana mipaka yake. "Desire" ni shauku, na ikimtawala mtu huwa ni hawaa ya nafsi. "Wish" mara nyingi ni la jambo lisilokuwepo: "I wish I knew" ni "laiti ningejua", na "laiti" yenyewe tumeipata kwa Waarabu. Tena kuna adabu. Mkubwa haambiwi "I want water". Huambiwa "I would like some water", kama kwetu mtoto mwenye adabu asemavyo "naomba maji", si "nataka maji".

Rai yetu ni hii. Kisomeni Kiingereza, tena kwa bidii, lakini kisiwe ndio mlango wenu pekee wa kuifahamu Qur'ani. Mnaposoma tarjuma, aya ya Kiarabu iwe mbele yenu, kamusi iwe karibu, na likiwatatiza neno muulizeni mwalimu. Nanyi wazazi, mkimnunulia mtoto tarjuma, msimwondoe katika darsa la Kiarabu.

Wabillahi tawfiiq.